Redio Zisizo na Mnara

Mwanamume mwenye koti jeusi anamvuta dereva kutoka garini, anamwacha kalala barabarani, anashika usukani na kuondoka kwa kasi. Hasemi kitu. Katika mchezo mzima wa Grand Theft Auto III, uliotoka Marekani Oktoba 2001, jambazi huyu hafungui kinywa hata mara moja. Inayosema ni redio ya gari aliloiba. Na kama redio hiyo imefunguliwa kwenye Chatterbox FM, polisi watamkimbiza mtaa hadi mtaa huku yeye akisikiliza jitu zima likipiga simu studio kumlalamikia mama yake.

Chatterbox ilikuwa redio ya mazungumzo: hakuna nyimbo, ni mtangazaji, wageni wake na wapiga simu. Haikuwa na mnara wala leseni, na mji wa Liberty City iliodai kuutumikia haukuwapo. Kituo hicho kilizaliwa kiziwi, kikatangaza bila kujua anayekisikiliza ni nani. Warithi wake walifundishwa masikio taratibu, kwa muda wa zaidi ya miaka kumi, na si kila walichojifunza kiliwafaa.

Redio za magari zilikuwapo kabla yake. Zilianzia Dundee, Uskoti, kwenye kampuni ya DMA Design, ambayo ilikuwa imejipatia jina mwaka 1991 kwa mchezo wa Lemmings. Mchezo wao wa magari, ulioanza ukiitwa Race'n'Chase, ulitoka mwaka 1997 kwa jina la Grand Theft Auto. Hawakununua nyimbo za wasanii wakubwa. Colin Anderson, Craig Conner na Grant Middleton walizitunga wenyewe, na hata waimbaji wakawatungia majina. Ukiiba gari aina ya pikapu, redio yake ilipiga muziki wa wakulima wa Marekani, ulioimbwa na bwana mmoja aliyeitwa Sideways Hank O'Malley, ambaye hajawahi kuzaliwa. Nyimbo hizo zilikaa kwenye diski kama nyimbo za CD ya kawaida. Ungeweza kuitoa diski kwenye kompyuta, ukaitia kwenye redio ya sebuleni na kuisikiliza bila kucheza. Redio ya aina hiyo haikuweza kujua lolote kuhusu mchezaji. Ilikuwa CD inayozunguka.

Mwaka 1998 ikaundwa kampuni ya Rockstar Games jijini New York, iliyokuja kuutoa mfululizo huo, ikiongozwa na watu kadhaa kutoka Uingereza, miongoni mwao ndugu wawili wa London, Sam na Dan Houser. Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Grand Theft Auto III, mchezo ambao dunia iliuona kuwa picha kamili ya Marekani, ulisanifiwa Uskoti na kuandikwa na Mwingereza. Mgeni huona mengi, ila hujikwaa kwenye lafudhi, na redio ni lafudhi tupu. Walihitaji mwenyeji. Wakampata Lazlow Jones, Mmarekani kutoka Oklahoma, mtangazaji wa kweli aliyekuwa na kipindi cha teknolojia kilichoitwa Technofile. Yeye na Dan Houser wakakaa kuandika, kisha Lazlow akaingia studio kumwigiza mtangazaji anayeitwa Lazlow.

Walichokidhihaki hakikuwa kidogo. Kwa miongo mingi stesheni za AM za Marekani ziliishi kwa muziki, mpaka FM yenye sauti safi ikazinyang'anya. Zikabaki na kitu kimoja ambacho hakihitaji sauti safi, nacho ni maneno. Kulikuwa na kanuni ya tangu mwaka 1949 iliyozitaka stesheni zitoe nafasi kwa pande zinazopingana katika mambo yenye utata. Tume inayosimamia mawasiliano, FCC, ikaifuta mwaka 1987. Mwaka uliofuata Rush Limbaugh akaanza kurusha kipindi chake nchi nzima kutoka New York, saa kadhaa kila siku, mtu mmoja na hasira zake. Usiku wa manane, kutoka mji mdogo wa Pahrump katika jangwa la Nevada, Art Bell alipokea simu za watu waliodai kuchukuliwa na viumbe wa sayari nyingine, na hakuwacheka. Mwaka 1996 sheria mpya ya mawasiliano ikaruhusu kampuni moja kumiliki stesheni nyingi kuliko zamani, na sauti zilezile zikaenea kila mji. Ilipofika 2001, Mmarekani aliyekuwa akiendesha gari peke yake alikuwa amezoea kupiga soga na watu asiowajua, soga ya upande mmoja.

PlayStation 2 ilikuja na diski za DVD, zenye nafasi mara nyingi ya CD, na Rockstar wakaijaza sehemu ya nafasi hiyo kwa maneno. Chatterbox ni kipindi kimoja kirefu kinachojirudia. Anaingia Fernando Martinez, mtaalamu wa kuokoa ndoa kwa njia ambazo zingevunja hata ndoa imara. Anapiga simu mwanachama wa kikundi cha wananchi wanaozichukia simu, na Lazlow analazimika kumuuliza anatumia chombo gani kuzungumza naye. Katikati yanapita matangazo ya biashara ya bidhaa za uongo, mojawapo likiwa la kampuni ya kuwaletea watu wanyama wa kufugwa kwa usiku mmoja, Petsovernight.com, Rockstar wakafungua na tovuti yake kabisa kwenye intaneti. Yule mtoto wa mama anayelalamika ni Toni Cipriani, mtu wa mafia ambaye mchezaji hutumwa kazi naye. Maria, mpenzi wa bosi wa mafia, naye hupiga.

Ufundi wenyewe ulikuwa mdogo. Kituo kilikuwa faili moja ya sauti inayozunguka, na mchezo ulihesabu muda wake hata usipokisikiliza. Ukihamia kituo cha regge kwa dakika tatu kisha ukarudi, mazungumzo yalikuwa yamesonga mbele na umeikosa simu moja. Ukiteremka garini, redio inakatika katikati ya neno. Ukiingia gari lingine, unamkuta Lazlow amefika kwingine. Hakukungoja. Mimi naona siri yote ya Chatterbox imo humo. Unaweza kulipua nusu ya kisiwa, vifaru vikatumwa kukusaka, na yule wa kuzichukia simu bado atapiga simu. Michezo mingi humfanya mchezaji kuwa kitovu cha ulimwengu. Redio hii ilimweka mahali ambapo mji humweka kila mtu, yaani pembeni.

Mchezo huo ulikuwa karibu kukamilika pale mashambulizi ya tarehe 11 Septemba 2001 yalipoipiga New York, jiji ambamo Rockstar walikuwa na ofisi na ambalo Liberty City ililiiga. Ukaahirishwa kwa wiki chache. Misheni moja iliyotaja magaidi ikaondolewa, rangi za magari ya polisi zikabadilishwa zisifanane na za New York, na maneno machache ya wapita njia na ya redioni yakafutwa au kuandikwa upya. Hakuna anayepoteza muda kuhariri mapambo ya ukutani wakati kama huo. Walijua kwamba redio ile ilikuwa ikisema kitu.

Mwaka mmoja baadaye ikaja Vice City, iliyowekwa mwaka 1986 katika mji unaofanana na Miami. Safari hii vituo vya mazungumzo vilikuwa viwili. K-Chat ilikuwa ya mahojiano ya watu mashuhuri, na mtangazaji wake, Amy Sheckenhausen, alikuwa hodari wa kutosikiliza majibu. Ya pili, VCPR, ndiyo kazi bora kuliko zote katika mfululizo huu, na sitabishana na anayesema vinginevyo. Ni redio ya umma, ile inayoishi kwa michango ya wasikilizaji. Maurice Chavez anaendesha mjadala uitwao Pressing Issues kuhusu usalama, maadili na mtazamo wa mtu juu ya maisha, na kila mjadala unaishia kwenye fujo ndani ya studio. Kila mgeni anapokaribia kusema jambo, wanaingia wafanyakazi wawili wa kituo kuomba pesa. Mchungaji Richards naye anaomba pesa, zake zikiwa za kujenga sanamu yake mwenyewe itakayowaokoa waumini siku ya mwisho. Mwandishi aliyebuni ugomvi huo alikuwa amesikiliza redio nyingi sana za kweli. Waliocheza Vice City kwenye vibanda vya mitaani, ambako runinga nne hulia kwa pamoja na foleni inasubiri nyuma ya kiti, yumkini hawakusikia hata sentensi moja ya haya.

Katika Vice City, Lazlow ni kijana wa kituo cha roki, V-Rock, ana nywele na ana matumaini. Kwa kuwa kila mchezo uliwekwa katika mwaka wake, maisha yake yalisimuliwa kinyumenyume: tulimjua kwanza akiwa mtangazaji mchovu wa 2001, ndipo tukarudishwa 1986 kuona alikotoka, tukapelekwa 1992 na 1998 kuona alivyofika hapo. Hakuna mchezo uliotangaza kwamba unasimulia habari za mtu huyu. Ilibidi uwe unaendesha gari na hukubadili kituo. Fernando pia alikuwa akirudi: mwaka 1986 anatangaza nyimbo za mahaba kwenye Emotion 98.3, miaka kumi na mitano kabla hajaketi mbele ya Lazlow kujitangaza.

San Andreas ilipotoka Oktoba 2004, redio ilifanyiwa mabadiliko makubwa kuliko yote. Faili moja ndefu ikakatwa vipande. Maneno ya utangulizi, wimbo, maneno ya kufungia, taarifa ya hali ya hewa, tangazo la biashara: kila kimoja kilirekodiwa peke yake, na mchezo ukaviunganisha papo kwa papo. Mvua ikinyesha mjini, mtangazaji aliweza kuitaja. Kwenye kituo cha mazungumzo, WCTR, badiliko hili liliwapa waandishi kitu ambacho Chatterbox haikuwa nacho, yaani kalenda. Kipindi cha watu mashuhuri, Entertaining America, kinaanza kikiwa cha Billy Dexter. Hadithi ikisonga, mwigizaji wa sinema za mapigano Jack Howitzer anaalikwa studio na kumpiga Dexter risasi wakiwa hewani. Kuanzia hapo anayeendesha ni Lazlow, ambaye hakuna aliyemwomba. Usiku wa jangwa la Pahrump nao ulipata sura yake, kipindi cha Area 53 cha Marvin Trill, na kipindi cha bustani kikapewa Maurice mwingine, mtu ambaye usingemwachia ua hata moja.

Na kulikuwa na taarifa ya habari. Leann Forget na Richard Burns walisoma matukio ya jimbo zima, na baadhi yake ulikuwa umeyafanya wewe saa moja iliyopita. Hawakukutaja jina. Walieleza habari kwa kukosea, kama vyombo vya habari vinavyokosea wakati polisi ndio chanzo pekee. Kwa mara ya kwanza kituo cha kubuni kilikuwa kimesikia kelele za mlangoni. Ni furaha ya ajabu kusikia uhalifu wako ukisomwa na mtu asiyekujua. Lakini ilikuwa na bei yake, kwani tangu hapo mchezaji alianza kuitegea redio imseme yeye, na habari za wengine zikawa za kusubirishia zamu yake.

Novemba mwaka huohuo, kampuni ya Troika ya California ilitoa Vampire: The Masquerade – Bloodlines, mchezo ulioenda njia nyingine kabisa. Mchezaji ni mnyonya damu aliyegeuzwa majuzi, anaishi chumba kichafu huko Santa Monica, na chumbani mna redio. Ukiifungua unamsikia Deb, mtangazaji wa usiku, akipokea simu za wapweke, walevi na wenye nadharia za njama za siri. Baadhi yao wameona kitu dirishani na hawajui ni nini. Wewe unajua. Hapo redio imebaki kiziwi kama Chatterbox, ila safari hii msikilizaji ndiye mwenye habari nzima, naye hana pa kupiga.

Mwaka 2008 ulileta majibu mawili tofauti kwa swali la redio iendelee kusikia kiasi gani. Aprili ilitoka Grand Theft Auto IV, Liberty City ikiwa imejengwa upya kwa hali ya kuaminika zaidi. Kulikuwa na redio ya umma, PLR, na kwa upande wa pili WKTT, ambako Richard Bastion, kwa sauti ya mchekeshaji Jason Sudeikis, alifoka kwa mtindo ambao mtu yeyote aliyewahi kumsikia Limbaugh angeutambua. Lazlow alikuwa amebaki na kipindi cha kuzurura barabarani akiwahoji wapita njia waliokuwa hawana haja naye. Baada ya misheni kubwa, habari za Weazel, shirika la kubuni, zilikatiza vipindi kueleza ulichofanya. Mfumo ulikuwa uleule wa San Andreas, umesafishwa tu.

Oktoba, kampuni ya Bethesda ikatoa Fallout 3, na humo redio ikahama kutoka pambo kuwa mhusika. Ni mwaka 2277, Washington ni magofu ya vita vya nyuklia, na angani mna sauti mbili. Moja ni ya Rais John Henry Eden, inayosemwa na Malcolm McDowell, tulivu, ya kibabu, ikisifu taifa ambalo halipo. Nyuma yake, ukifika, unakuta kompyuta. Nyingine ni ya Three Dog wa Galaxy News Radio, aliyesemwa na Erik Todd Dellums, ambaye hupiga nyimbo za zama za babu na kulia kama mbwa kwenye kipaza sauti. Mwanzoni sauti yake inakwaruza na kupotea ukitoka nje ya mji. Mchezaji akitaka msaada wake huombwa apande mnara wa Washington Monument na kufunga dishi jipya, na kuanzia hapo matangazo yanafika kote. Haya ndiyo malipo mazuri kuliko bunduki yoyote, kwa sababu kazi uliyoifanya kwa mikono unaisikia masikioni kwa saa zote zinazobaki.

Three Dog alikujua vizuri mno. Ukiwasaidia watu, anakusifu. Ukiwatesa, anakutangaza kuwa mwovu, na ukiuangamiza mji wa Megaton, habari inaenda hewani. Unaweza hata kumuua. Ukifanya hivyo, fundi wake, Margaret, anaketi penye kipaza sauti na kuendelea, bila mbwembwe wala mlio wa mbwa, kama mtu aliyesukumwa jukwaani. Ila baada ya saa ishirini, sifa zilezile zinazorudiwa huchosha. Lazlow hakukusema hata siku moja, na vichekesho vyake vya mara ya kumi vilivumilika zaidi kuliko pongezi za Three Dog za mara ya kumi.

Bethesda huenda waliliona hilo. Katika Fallout 4, ya mwaka 2015, wakamweka Travis Miles kwenye redio ya Diamond City, kijana mwenye woga na kigugumizi, anayeomba radhi kwa wimbo kabla haujaanza. Kuna misheni ya kumjenga: rafiki yake, mwenye baa, anapanga ugomvi wa uongo ili Travis apigane na kujiona mwanamume. Ikifaulu, anarudi hewani na sauti nzito ya mtangazaji wa kawaida. Wapo wachezaji waliojutia msaada wao, nami nawaunga mkono. Travis mwenye woga alikuwa mtu, Travis jasiri ni sauti ya tangazo.

Grand Theft Auto V, ya Septemba 2013, ilijaribu kitu rahisi ambacho mfululizo wake ulipaswa kukijaribu mapema zaidi: umbali. WCTR ilisikika Los Santos peke yake. Ukivuka milima kwenda vijijini inapotea, na mahali pake panakuja redio ya Blaine County, ambako Duane Earl anazungumzia ufugaji kwa undani ambao mfugaji mwenyewe hajauomba, na Ron, mkazi wa jangwani mwenye hofu ya serikali, ana saa yake ya jamii. Lazlow yupo mjini, anaongoza kipindi cha umbeya na Michele Makes. Lakini safari hii amepewa mwili. Yumo katika shindano la vipaji la runinga, na mhusika mkuu akifuatana na mwenzake wanamvamia, wanamdhalilisha, wanamwacha akilia. Miaka kumi na miwili alikuwa sauti isiyoweza kuguswa kutoka ndani ya gari lililoibwa, na waandishi, Lazlow mwenyewe akiwamo, wakaamua kumtoa redioni ili apigwe. Nilicheka, lakini baada ya hapo sikuweza tena kumsikiliza vilevile.

Toleo la mtandaoni la mchezo huo liliongezewa vituo kwa miaka mingi, na vilivyosifiwa vilikuwa vya muziki, kama Blonded cha Frank Ocean, mwaka 2017. Nadhani sababu ni wazi. Mji wenye maelfu ya majambazi wakati mmoja hauna taarifa ya habari. Kila mtu amelipua kila kitu, na Leann Forget hangejua aanze na nani. Dan Houser aliondoka Rockstar mwaka 2020, Lazlow naye akaondoka mwaka huohuo, na baadaye wakakutana tena katika kampuni mpya ya Houser, Absurd Ventures.

Kiti cha mtangazaji kilikuja kukaliwa na mchezaji mwenyewe mwaka 2023, katika Killer Frequency, mchezo wa Team17. Ni usiku mmoja wa mwaka 1987 katika mji mdogo wa Gallows Creek. Wewe ni Forrest Nash, mtangazaji aliyewahi kuvuma katika mji mkubwa na sasa yuko huku kwa shingo upande. Kuna muuaji mitaani, na kwa kuwa polisi wameshindwa kupokea simu, zote za dharura zinaelekezwa studio kwako. Karibu muda wote uko ndani ya kituo. Huwaoni wanaopiga. Una santuri za kupiga kati ya simu, una makaratasi ya kupekua kutafuta ramani au maelekezo ya kuwasha gari bila ufunguo, na una produsa, Peggy, nyuma ya kioo. Upande wa pili wa waya mtu anakuuliza ajifiche wapi. Ukijibu vibaya, simu inakatika, na Peggy anakukumbusha kwamba bado uko hewani.